Tovuti ya Tawi: Tutumie Mfumo Ulio Tayari au Tuchongewe Yetu?



Mkutano mkuu wa tawi letu la mpakani Malaba uliazimia kwamba chama kiwe na tovuti yake. Azimio hilo lilipita bila kupingwa. Ubishi ulianza pale lilipoulizwa swali la pili: itajengwa vipi? Kundi moja likasema tutumie mfumo ulio tayari, ule ambao tayari unatumiwa na watu wengi duniani. Kundi la pili likasema tumpe fundi kijana atuandikie tovuti yetu wenyewe tangu mstari wa kwanza. Kamati ikapewa kazi ya kuchunguza na kuleta taarifa.

Makala hii ndiyo taarifa yenyewe. Tumeiandika kwa Kiswahili ili na ndugu zetu wa Kenya, Rwanda, Congo na Sudan Kusini wanaopita hapa wapate kuisoma, maana matawi yao nayo yanakabiliwa na swali hilo hilo.

Sisi wa kamati wengi wetu tumeishia darasa la saba. Hatuandiki kama wataalamu wa kompyuta. Lakini dereva si lazima awe mhandisi ndipo ajue lori gani litamfikisha Juba na lipi litamlaza njiani. Anachohitaji ni kujua maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Maswali hayo ndiyo tuliyokwenda kuyatafuta.

KWA NINI TUWE NA TOVUTI

Wako waliosema, "Tuna makundi ya simu, tovuti ya nini?" Hoja hiyo tumeipima.

Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa Uganda, serikali ilifunga Facebook, na baadaye intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti iliporudi, Facebook iliendelea kufungwa. Vyama na vikundi vilivyokuwa vimeweka habari zao zote katika ukurasa wa Facebook vilijikuta nje ya mlango wa nyumba ambayo haikuwa yao. Kweli, intaneti ikizimwa yote hata tovuti haionekani. Lakini inaporudi, mwenye tovuti yake anaendelea pale alipoishia, wala haombi ruhusa ya kampuni ya mbali.

Januari 2022, ndugu zetu mnakumbuka, foleni ya malori hapa mpakani ilirefuka makumi ya kilomita kwa sababu ya amri ya vipimo vya Uviko. Katika siku zile kila simu ilikuwa na habari yake. Huyu anasema mpaka umefunguliwa, yule anasema madereva wa nchi fulani hawaruhusiwi. Hapakuwa na mahali pamoja ambapo dereva aliyelala chini ya lori lake angeweza kusoma neno la chama, lenye tarehe na saa, akajua hili ni kweli na lile ni uvumi.

Hayo mawili yanatosha. Makundi ya simu ni ya kuitana. Tovuti ni ya kuweka neno lisimame mahali pamoja.

MIFUMO ILIYO TAYARI NI NINI

Zamani kila ukurasa wa tovuti uliandikwa kwa mkono. Tovuti ya kwanza duniani ilitengenezwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, na mwaka 1991 watu wa nje wakaanza kuiona. Aprili 1993 kituo hicho kikatangaza kwamba ufundi huo ni mali ya umma, mtu yeyote autumie bila malipo. Lakini aliyetaka kubadili hata neno moja katika ukurasa ilimbidi ajue lugha inayoitwa HTML, au amwite anayeijua.

Ndipo wakatokea watu waliotengeneza mifumo ya kusimamia maandishi ya tovuti. Fundi anaupachika mfumo kwenye seva, yaani kompyuta inayokaa macho usiku na mchana. Baada ya hapo katibu wa tawi anafungua kwa jina lake na neno lake la siri, anaandika tangazo kama anavyoandika barua, anabonyeza mahali pa kuchapisha, na tangazo linaonekana. Hagusi HTML hata kidogo.

Mifumo mitatu ndiyo inayotajwa sana. Drupal ilianzishwa na Dries Buytaert wa Ubelgiji, ikatolewa mwaka 2001. WordPress ilitolewa Mei 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, wakiendeleza programu ya awali ya Michel Valdrighi iliyokuwa imekosa mtu wa kuitunza. Leo WordPress peke yake inaendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani. Ya tatu ni Joomla, na hiyo ina habari ambayo mwanachama wa chama cha wafanyakazi hana budi kuijua.

JOOMLA NI JUMLA

Mafundi wa Joomla walikuwa kwanza wakitengeneza mfumo ulioitwa Mambo. Jina hilo lilikuwa mali ya kampuni moja ya Australia iliyoitwa Miro. Mafundi wengi walikuwa wa kujitolea, kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2005 iliundwa taasisi ya kusimamia Mambo, na mafundi wakaona kwamba imeundwa kwa namna inayowanyima wao sauti na kuipa kampuni nguvu. Wakalalamika. Walipoona hawasikilizwi, Agosti 2005 kundi zima la mafundi wakuu likatoka kwa pamoja.

Walitoka na nini? Walitoka na kazi yao. Mambo ilikuwa chini ya leseni inayoitwa GPL, ambayo Richard Stallman aliitoa mara ya kwanza mwaka 1989. Leseni hiyo inasema kwamba mtu yeyote anaweza kuitumia programu, kuisoma ndani, kuibadili na kuigawa, mradi naye asiwanyime wengine haki hiyo hiyo. Kampuni ilibaki na jina, mafundi wakabaki na zana. Septemba 2005 wakatoa toleo la kwanza la mfumo wao mpya. Jina walilochagua ni neno letu la Kiswahili, "jumla", wakiliandika kwa tahajia ya Kiingereza, kwa maana ya wote kwa pamoja.

Ndugu zetu, hatuisimulii habari hii ili tujisifu kwa Kiswahili. Tunaisimulia kwa sababu inaonyesha jambo la kwanza la kuuliza: zana ni za nani? WordPress, Joomla na Drupal zote tatu ziko chini ya leseni ya GPL. Hakuna bwana anayeweza kuja kesho akasema rudisheni programu yangu.

Lakini tusidanganyane kwamba penye leseni nzuri hapana bwana. Septemba 2024 ulizuka ugomvi kati ya Mullenweg, mkuu wa kampuni ya Automattic, na kampuni nyingine iitwayo WP Engine inayokodisha nafasi kwa tovuti za WordPress. Katika ugomvi huo WP Engine ilizuiwa kuchukua masahihisho kutoka ghala kuu la WordPress, na wateja waliokuwa wanalipia tovuti zao wakajikuta katikati ya fahali wawili. Desemba 2024 mahakama moja ya California ikaamuru huduma irudishwe. Kwa hiyo programu ni ya wote, lakini ghala la masahihisho lina mwenyewe. Yafaa kulijua hilo mapema.

TOVUTI YA KUCHONGWA

Sasa tuje kwa upande wa pili. Fundi anakaa, anaandika kurasa zako moja moja, kwa kipimo chako, kama fundi cherehani anavyokukata suti. Haina kitu cha ziada. Vijana wa tawi waliosimama upande huu walileta hoja nzito, na tungekuwa watu wa ajabu kama tungezipuuza.

Hoja ya kwanza ni wepesi. Mwanachama anafungua tovuti kwa simu ndogo, kwa bando alilolinunua kwa jasho lake, mara nyingi mahali penye mtandao dhaifu. Ukurasa uliopambwa kwa picha kubwa na madoido unaweza kufika megabaiti 3. Wanachama 1,000 wakiufungua mara moja tu, wametumia megabaiti 3,000 za bando zao. Ukurasa huo huo ukiandikwa kwa mkono bila madoido, ukawa kilobaiti 100, wanachama hao 1,000 watatumia megabaiti 100. Tofauti ni mara thelathini, na mwenye kulipa ni mvuja jasho. Mifumo iliyo tayari haina lazima ya kuwa mizito, lakini inarahisisha uzito: kila pambo liko tayari, na mtu haoni gharama yake.

Hoja ya pili ni usalama. Tovuti ya kurasa tupu, isiyo na hazina ya kumbukumbu nyuma yake wala mahali pa kuingilia kwa neno la siri, ina milango michache ya kuvunja. Mfumo unaotumiwa na mamilioni ya watu una kufuli ya namna moja kwenye mamilioni ya milango. Mwizi akipata ufunguo mmoja, anajaribu kila nyumba.

Na hayo yamekwisha kutokea. Agosti 2011 ilionekana tundu katika kipande kidogo cha programu kilichoitwa TimThumb, kilichokuwa kikitumika kupunguza picha ndani ya sura nyingi za WordPress, na tovuti nyingi zikaingiliwa. Tarehe 15 Oktoba 2014 watu wa Drupal walitangaza tundu kubwa katika mfumo wao na kutoa dawa yake siku hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye walionya kwamba tovuti yoyote ambayo haikutiwa dawa ndani ya saa 7 tangu tangazo, mwenyewe ahesabu kwamba imekwisha kuvunjwa. Saa 7, ndugu! Ni tawi gani lenye mtu wa kukesha hivyo?

Hoja ya tatu ni kwamba mfumo ulio tayari nao huzeeka. Drupal toleo la 7 lilitoka Januari 2011, na utunzaji wake ukakoma rasmi tarehe 5 Januari 2025. Waliokuwa nalo ilibidi wahamie toleo jipya kwa kazi kubwa. WordPress nayo, Desemba 2018, ilibadilisha ukurasa wa kuandikia, na makatibu waliokwisha kuzoea wakaanza kujifunza upya. Kurasa za HTML zilizoandikwa miaka ishirini iliyopita bado zinasomeka leo.

Mzee mmoja wa kamati alisema baada ya kusikia hayo, "Basi tuchonge, mambo yaishe." Lakini hapo ndipo tulipotembelea wenzetu.

YALIYOLIPATA TAWI JIRANI

Tawi moja lililo jirani na letu lilichongewa tovuti na kijana hodari. Ilikuwa nzuri, nyepesi, yenye rangi za chama. Ndani yake waliweka jedwali la mishahara na posho za safari kama ilivyokubaliwa na waajiri. Kijana yule hakulipwa ujira. Aliambiwa anajitolea kwa ajili ya chama, naye akakubali kwa moyo safi.

Baada ya mwaka akapata kazi Ghuba, akaondoka kutafuta riziki. Hakuna anayeweza kumlaumu. Lakini maneno ya siri aliondoka nayo kichwani, na hata jina la tovuti lilikuwa limeandikishwa kwa barua pepe yake mwenyewe. Katibu alimpigia simu mara kadhaa, kijana akaahidi kusaidia akipata nafasi. Nafasi ya mtu anayefanya kazi saa kumi na mbili kwa siku mnaijua.

Mwaka uliofuata chama kilijadiliana na waajiri, posho ya safari ikapanda. Jedwali katika tovuti likabaki la zamani. Hakuna mtu katika tawi aliyeweza kubadili hata tarakimu moja. Ndipo mwajiri mmoja, hatutamtaja, karani wake akachapa ukurasa ule kwenye karatasi, akawawekea mezani madereva wapya na kuwaambia, "Tazameni, chama chenu chenyewe ndicho kinachosema hivi." Nao wakatia sahihi mikataba ya posho ya zamani. Karatasi ilikuwa na nembo ya chama, wangebishana na nani?

Chama kililipigania jambo hilo kwa miezi, na baadhi ya madereva wakasahihishiwa. Wengine walikuwa wamekwisha kuacha kazi. Mwishowe ada ya jina la tovuti haikulipwa, jina likanunuliwa na watu wengine, na leo anayelifungua anakuta matangazo ya kamari.

Ndugu wanachama, kwa tawi lile tovuti ilikuwa na gharama. Gharama yenyewe ililipwa na madereva, safari kwa safari.

SWALI LENYEWE

Baada ya ziara hiyo tuliona kwamba tulikuwa tunabishana juu ya jambo la pili. Tulikuwa tunauliza ni ipi iliyo bora, ilhali swali la kwanza ni hili: fundi akiondoka kesho asubuhi, nani atashika usukani?

Lori la kampuni kubwa lina makosa yake, lakini likiharibika Tororo, Jinja au Mbarara utapata mtu anayelijua na duka lenye kipuri chake. Lori lililoundwa na fundi mmoja gereji linaweza kuwa imara kuliko yote, lakini likizimika mbali na gereji yake, litalala hapo mpaka fundi afike. Mfumo kama WordPress una mafundi karibu kila mji. Huyu akiondoka, mwingine anakaa mahali pake siku hiyo hiyo, na habari zote ulizoandika zinaweza kutolewa katika faili moja na kuhamishiwa mahali pengine.

Tena mifumo hii inajua mgawanyo wa madaraka, jambo ambalo chama kinalihitaji. WordPress ina ngazi za watumiaji. Yuko mchangiaji, anayeandika lakini hawezi kuchapisha. Yuko mwandishi, anayechapisha makala zake tu. Yuko mhariri, anayesahihisha na kuchapisha za wote. Na yuko msimamizi mkuu, mwenye funguo zote. Kwetu sisi maana yake ni kwamba mjumbe wa mahakama ya madai aliye Busia au Katuna anaweza kuandika habari akiwa huko huko, na katibu akaipitia kabla haijasomwa na umma. Foleni ya Januari 2022 ingekuwa na mahali pa kusemewa kila saa.

Fundi hodari anaweza kuchonga hayo yote pia. Lakini akisha kuchonga ngazi, maneno ya siri na hazina ya kumbukumbu, tovuti si kurasa tupu tena. Ile faida ya usalama imekwisha, na sasa una mfumo kamili ambao duniani kote anayeujua ni mtu mmoja.

Hata hivyo hatusemi kwamba kuchonga ni makosa daima. Tawi dogo linalotaka kurasa tatu tu, yaani anwani ya ofisi, katiba ya chama na fomu ya kujiunga, mambo yasiyobadilika kila wiki, lichonge. Litapata tovuti nyepesi, salama na isiyodai matunzo mengi. Linalotakiwa ni watu wawili wa tawi wafundishwe kubadili maandishi yake, na hilo si jambo la miaka, ni jambo la siku chache. Asiyetangaza kila siku hana haja ya mtambo wa kutangazia.

FUNDI NAYE NI MFANYAKAZI

Jambo moja liliwachoma wengi katika kamati. Tulipokuwa tunapokea makadirio, mjumbe mmoja alisema, "Mpwa wangu atatufanyia bure." Tukamuuliza: je, mwajiri akija akasema dereva atampelekea mzigo bure kwa sababu ni mpwa wake, tutanyamaza?

Kijana anayekesha akiandika tovuti anavuja jasho, ingawa jasho lake halionekani shati. Chama cha wafanyakazi kinachotumia kazi bila malipo kinajivua nguo mbele ya waajiri. Tena ni hasara kwetu wenyewe. Kazi ya kujitolea haina mkataba, na isiyo na mkataba haina siku ya kukabidhi. Tawi jirani halikupoteza tovuti kwa sababu ilichongwa tu. Liliipoteza kwa sababu hapakuwa na karatasi inayosema nani anamiliki nini, nani analipwa nini, na funguo zinakabidhiwa lini.

Tukumbuke pia kwamba programu kuwa bure si kusema tovuti ni bure. Jina la tovuti linalipiwa kila mwaka. Nafasi kwenye seva inalipiwa kila mwaka. Utunzaji unalipiwa. Tawi lililochanga fedha za kujenga na kusahau za kutunza limenunua lori bila fedha ya mafuta.

MAPENDEKEZO YA KAMATI

Kamati ilipiga kura. Wengi walichagua mfumo ulio tayari, nasi tunapendekeza WordPress kwa kuwa mafundi wake ni rahisi kupatikana hapa kwetu. Lakini hoja za vijana wa upande wa kuchonga hazikutupwa. Zimegeuzwa kuwa masharti, na bila masharti haya kamati haiungi mkono tovuti yoyote:

1. Jina la tovuti na nafasi ya seva viandikishwe kwa jina la chama na barua pepe ya ofisi, visiwe vya mtu binafsi. Risiti zikae kwa mweka hazina, na tarehe ya kulipia iandikwe ukutani ofisini.

2. Funguo kuu ziwe kwa watu wawili, katibu na mweka hazina. Nakala ya maneno ya siri iwekwe katika bahasha iliyotiwa sahihi ndani ya sefu ya tawi. Uongozi ukibadilika, maneno ya siri yabadilishwe siku ya makabidhiano.

3. Viongezo, yaani vile vipande vya ziada vinavyopachikwa kwenye mfumo, visizidi sita, na kila kimoja kipitishwe na kamati na kuandikwa katika muhtasari pamoja na sababu yake. TimThumb imetufundisha kwamba mwizi haingii kwa mlango mkubwa tu.

4. Masahihisho madogo ya usalama yaachwe yajifanye yenyewe, jambo ambalo WordPress imeliwezesha tangu Oktoba 2013. Mengine yakaguliwe kila Jumatatu na mtu aliyetajwa kwa jina.

5. Kila wiki itolewe nakala ya akiba ya tovuti nzima, iwekwe katika diski ya ofisi. Kila miezi mitatu nakala hiyo ijaribiwe kurudishwa. Tairi la akiba ambalo halijapimwa upepo si tairi.

6. Kurasa ziwe nyepesi. Picha zipunguzwe kabla ya kuwekwa. Ukurasa wa mishahara na posho uwe maandishi matupu, uweze kufunguka kwa simu ndogo kabisa.

7. Kila ukurasa wenye viwango uwe na tarehe ulipokaguliwa mara ya mwisho. Viwango vya zamani vifutwe siku vipya vinapoanza kutumika.

8. Orodha ya wanachama isiwekwe kwenye tovuti kamwe, hata nyuma ya neno la siri. Iko siku kufuli litavunjwa, na orodha ikimfikia mwajiri mbaya, kuna watu watakaofukuzwa kazi. Fomu ya malalamiko iombe yale ya lazima tu, na ikishashughulikiwa ifutwe. Hili ni suala la sheria pia: Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022.

9. Fundi alipwe ujira wa haki kwa mkataba wa maandishi, wenye kipengele cha kukabidhi funguo zote na kufundisha wanachama wawili wa tawi kabla ya malipo ya mwisho.

Mtaona kwamba katika masharti tisa, mengi hayahusu WordPress wala kuchonga. Yangefaa kwa njia yoyote. Hilo ndilo jambo kubwa tulilojifunza katika uchunguzi huu: programu ni kazi ya mafundi, lakini umiliki, mkataba, tarehe na funguo ni kazi ya chama, na hizo hakuna fundi atakayetufanyia.

Mapendekezo haya yataletwa mbele ya mkutano ujao wa tawi. Tunawaomba ndugu mlio safarini muwape wajumbe wenu maoni yenu kabla ya siku hiyo, hasa ninyi mnaotumia simu ndogo, maana tovuti itakayofunguka kwenye kompyuta ya ofisini na isifunguke kwenye foleni ya malori haitakuwa tovuti ya wafanyakazi. Yule asiyekubaliana nasi aje aseme mkutanini. Mafundi wale wa mwaka 2005 walibishana kwanza, kisha wakatoka wakiwa pamoja. Nasi tubishane kwa hoja, tuamue kwa kura, na tukisha kuamua tulinde kilicho chetu.

Umoja ni nguvu!